Saa Iliyokatwa Nusu: Historia ya Uwanja na Kanuni za Skiti

Skiti ni mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki ya marisau. Visahani vidogo hurushwa angani kutoka nyumba mbili zinazokabiliana, na mpigaji huvipasua akipita katika vituo vinane: saba vimejipanga kama upinde, na cha nane kiko katikati ya kamba ya upinde huo. Trapu, mchezo uliotangulia, humpa mpigaji shabaha zinazomkimbia kwenda mbele. Skiti humpa shabaha zinazomkatiza kutoka kushoto na kulia, zinazomjia usoni na zinazompita juu ya kichwa. Karibu kila kipimo cha uwanja wake kina kisa kilichokizaa, na kisa kikubwa kuliko vyote kinahusu kuku wa jirani.

Kabla ya visahani palikuwa na njiwa. Katika Uingereza ya karne ya 19 njiwa hai waliwekwa ndani ya visanduku vilivyofunguliwa kwa kuvuta kamba. Mpigaji alipokuwa tayari alipaza sauti, mtumishi akavuta, ndege akaruka na bunduki ikalia. Visanduku hivyo viliitwa mitego, na neno hilo la Kiingereza ndilo lililobaki kuwa jina la trapu. Amri ya “vuta” nayo inasikika viwanjani hadi leo, ingawa kamba ilikwisha kutoweka na kazi yake sasa inafanywa na kitufe cha umeme au kipaza sauti kinachoitika mpigaji anapoita. Hata katika Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 1900 njiwa hai waliuawa mbele ya watazamaji.

Ukatili huo ulikuwa umekwisha kutafutiwa mbadala. Katika miaka ya 1870 Adam Bogardus, mpigaji maarufu wa Marekani, alieneza matumizi ya tufe za kioo zilizorushwa hewani. Nyingine zilijazwa manyoya ili zikipasuka zifanane na ndege aliyepigwa. Tufe za kioo zilikuwa na kasoro mbili: ziliruka kwa mkunjo kama jiwe lililotupwa, na viwanja vilijaa vigae. Mwaka 1880 George Ligowsky wa Cincinnati alibuni kisahani cha udongo wa kuchomwa, na inasimuliwa kwamba wazo hilo lilimjia alipowaona vijana wakirusha makombe bapa yaruke-ruke juu ya maji. Kisahani kinachozunguka hupaa na kuelea kama ndege, jambo ambalo tufe haliwezi. Udongo wa kuchomwa ulikuwa mgumu mno, na marisau yaliweza kukigonga kisahani bila kukivunja, kwa hiyo baadaye ukaachwa na nafasi yake ikachukuliwa na mchanganyiko wa lami na unga wa chokaa. Jina la udongo limebaki, japokuwa udongo wenyewe haumo tena. Kisahani cha mashindano ya kimataifa leo kina kipenyo cha milimita 110 na uzito wa gramu 105 hivi, na kikianguka juu ya majani bila kuguswa aghalabu huokotwa kikiwa kizima.

Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa pale Charles Davis wa Andover, mji mdogo katika jimbo la Massachusetts, alipoanza kutafuta zoezi lake mwenyewe. Davis alikuwa mfugaji wa mbwa na mwindaji wa ndege wa msituni wa jamii ya kwale, ndege anayejulikana kwa namna anavyofumka ghafla kutoka vichakani na kupinda kati ya miti kabla mwindaji hajaweka bunduki begani. Trapu haikuweza kumwandaa mtu kwa ndege kama huyo, kwa sababu visahani vyake huondoka kila mara kutoka mbele ya mpigaji na kwenda mbali naye. Mwindaji aliyetaka kujifunza kumpiga ndege anayekatiza, au anayemjia uso kwa uso, hakuwa na mahali pa kujifunzia.

Yapata mwaka 1920, akiwa pamoja na mwanawe Henry na rafiki yao William Harnden Foster, Davis alichora duara kubwa uwanjani kwake. Nusu kipenyo chake kilikuwa yadi 25, yaani karibu mita 23. Kwenye mzingo waliweka alama 12 kama namba za uso wa saa, na mtambo wa kurushia visahani ukawekwa penye namba 12, ukielekezwa uvirushe juu ya namba 6. (Msomaji aliyezoea hesabu ya Kiswahili akumbuke kwamba hapa zinatajwa namba zilizochapwa usoni mwa saa, penye 12 ndipo kwetu saa sita.) Mpigaji alizunguka duara, akipiga visahani viwili katika kila namba. Penye 12 kisahani kilimkimbia, penye 3 na penye 9 kilikatiza mbele yake, na penye 6 kilimjia moja kwa moja. Namba 12 mara mbili ni 24. Boksi la risasi lilikuwa na risasi 25, na ile moja iliyobaki haikupaswa kurudi nyumbani, kwa hiyo mpigaji alisimama katikati ya duara na kupiga kisahani kimoja cha mwisho kikiwa kinampita juu ya kichwa. Zoezi hilo waliliita kupiga kuizunguka saa.

Pembe zote ambazo ndege anaweza kuruka zilikuwa zimekusanywa ndani ya duara moja, bila kujenga mitambo 12, kwa kumhamisha mtu badala ya mashine. Uamuzi huo ni werevu mkubwa, na ndio uliobaki kuwa uti wa mgongo wa mchezo. Wapigaji watano wa skiti wanaosimama leo katika kituo kimoja, kisha wakahamia kingine, wanafanya kile walichofanya watu watatu wa Andover.

Udhaifu wa saa ya Davis ulikuwa mmoja: marisau yalitawanyika kila upande. Aliyesimama penye 3 alipiga kuelekea 9, na aliyesimama penye 9 alipiga kuelekea 3. Shamba lilipokuwa tupu jambo hilo halikumsumbua mtu. Mwaka 1923 jirani mmoja alianzisha ufugaji wa kuku kwenye ardhi iliyopakana na uwanja, na upande mmoja wa saa haukufaa tena kupigiwa.

Foster ndiye aliyepata jawabu. Alichukua mtambo wa pili na kuuweka penye namba 6, uelekee ule wa 12. Sasa kisahani kiliweza kuja kutoka pande zote mbili, na mpigaji hakuhitaji tena kuzunguka duara zima ili apate pembe zote. Nusu yake ilitosha. Nusu ya saa iliyowaelekea kuku ilifutwa, na bunduki zote zikaelekezwa upande mmoja ulio wazi. Baadaye mtambo mmoja uliinuliwa juu ili urushe kisahani kutoka kimo cha ndege anayetoka mtini, na mwingine ukabaki karibu na ardhi kama ndege anayefumka majanini. Mitambo miwili ilileta pia kitu ambacho saa ya kwanza haikuwa nacho, yaani jozi, ambapo visahani viwili hurushwa kwa wakati mmoja kutoka pande mbili na kupishana hewani. Wenye kuku walidai usalama tu, lakini mchezo ulitoka katika mkasa huo ukiwa tajiri kuliko ulivyoingia.

Foster alikuwa mchoraji na mhariri, na kwa hiyo alijua namna ya kukitoa kitu uani na kukifikisha kwa umma. Mapema mwaka 1926 mchezo ulitangazwa katika magazeti mawili ya wawindaji aliyoyafanyia kazi, National Sportsman na Hunting and Fishing, pamoja na kanuni zake na mchoro wa uwanja. Wasomaji waliombwa waupendekezee jina, na zawadi ya dola 100 ikawekwa kwa mshindi. Kati ya maelfu ya majina yaliyopokelewa, lililoshinda lilitoka kwa Gertrude Hurlbutt wa Dayton katika jimbo la Montana. Jina lenyewe lilikuwa skeet, nalo lilielezwa kuwa linatokana na neno la kale la lugha za Skandinavia lenye maana ya kupiga risasi. Mashindano ya kwanza ya taifa yalifanyika mwaka huohuo, na chama cha taifa cha wapigaji wa skiti kikaundwa muda mfupi baadaye. Mchezo uliozaliwa kama zoezi la watu watatu ulikuwa umepata jina, kanuni na mabingwa ndani ya miaka michache.

Uwanja wa skiti wa leo unaeleweka vizuri zaidi kwa kuanzia mahali ambapo hakuna mtu wala kitu: sehemu ya hewani ambapo njia za visahani viwili hukutana. Sehemu hiyo huwekewa alama chini, na kisahani kinatakiwa kupita juu yake katika kimo cha mita 4.57. Ndiyo kitovu cha duara, kama ulivyokuwa mhimili wa mishale katika saa ya Davis. Vituo saba vya kwanza viko kwenye mzingo wenye nusu kipenyo cha mita 19.2, yaani yadi 21, na kila kimoja kiko mita 8.13 kutoka kwa jirani yake. Kwa hiyo, hata kama kituo cha 1 na cha 4 vinaonekana kuwa tofauti kabisa, umbali wa kila mpigaji hadi pale visahani vinapokutana ni uleule. Kinachobadilika ni pembe tu.

Kamba ya upinde, kutoka kituo cha 1 hadi cha 7, ina urefu wa mita 36.8, nayo inapita mita 5.5 nyuma ya kitovu. Kituo cha 8 kiko katikati ya kamba hiyo, na kwa hiyo ndicho pekee kilichoikaribia kabisa njia ya visahani. Wakati wa Foster visahani vilirushwa moja kwa moja kutoka nyumba moja kuelekea nyingine. Baadaye, kanuni zilipokamilishwa, mitambo iligeuzwa kidogo nje ili visahani vikutane mbele ya kituo cha 8 badala ya juu yake. Sababu ilikuwa ni vipande vya visahani vilivyowaangukia watu waliosimama karibu na nyumba. Wanaojiuliza kwa nini uwanja wa skiti si nusu duara kamili, bali ni kipande kidogo kuliko nusu, watapata jibu katika zile mita 5.5.

Nyumba mbili ziko kwenye ncha za kamba, kila moja ikiwa nje kidogo ya kituo kilicho karibu nayo. Nyumba ya juu iko kushoto kwa mtu anayeutazama uwanja kutoka vituoni, jirani na kituo cha 1, na kisahani chake hutokea katika kimo cha mita 3.05. Nyumba ya chini iko kulia, jirani na kituo cha 7, na chake hutokea mita 1.07 tu juu ya ardhi. Kila kituo cha mzingo ni mraba wenye upande wa sentimita 90 hivi, na miguu yote miwili ya mpigaji lazima iwe ndani yake. Umbali wa kisheria wa kukipiga kisahani unaishia mita 40.3 kutoka kwenye nyumba, penye nguzo za mpaka. Kikishapita hapo bila kupigwa, kimekoswa.

Umbo hilo la uwanja ndilo linaloamua ugumu wa kila kituo. Penye kituo cha 1, kisahani cha nyumba ya juu hutoka juu ya kichwa cha mpigaji na kukimbia mbele yake karibu katika mstari ulionyooka, naye hulenga chini yake kidogo. Penye cha 4, katikati ya upinde, visahani vya nyumba zote mbili hukatiza kwa pembe mraba, na anayelenga kisahani chenyewe atapiga hewa iliyo nyuma yake. Sharti marisau yapelekwe mbele ya kisahani kwa mita moja na zaidi, ili vitu hivyo viwili vifike mahali pamoja kwa wakati mmoja. Sayansi yote ya skiti imo katika kukadiria nafasi hiyo ya mbele na kutosimamisha mtutu wakati wa kufyatua. Kituo cha 8 humtisha mgeni kuliko vyote kwa kuwa kisahani kinamjia kwa kasi kutoka umbali mfupi, na anatakiwa kukivunja kabla hakijavuka mstari wa katikati ya uwanja. Kwa aliyekizoea si kigumu. Wengi wa mabingwa hupoteza pointi zao penye 3, 4 na 5, ambako pembe ni pana na muda ni mchache.

Duru moja ina visahani 25, na hesabu hiyo bado ni ile ya boksi la risasi la Andover. Namna ya kuvigawa ndiyo iliyotengana kati ya Marekani na dunia nyingine.

Katika skiti ya Marekani mpigaji hupata kisahani kimoja kutoka nyumba ya juu na kimoja kutoka nyumba ya chini katika kila kituo kuanzia cha 1 hadi cha 8. Katika vituo vya 1, 2, 6 na 7 huongezewa jozi, na kwa kila jozi kisahani cha nyumba iliyo karibu ndicho hupigwa kwanza. Jumla yake ni 24. Risasi ya 25 inaitwa ya hiari, nayo ina historia inayopendeza. Anayekosa kisahani kwa mara ya kwanza hurudiwa kilekile papo hapo, na hiyo ndiyo inakuwa risasi yake ya 25. Asiyekosa hata kimoja hubaki nayo hadi mwisho. Zamani aliweza kuchagua kituo cha kuipigia, na siku hizi huipiga kituo cha 8 katika kisahani cha nyumba ya chini. Risasi moja iliyobaki ndani ya boksi la Davis inaendelea kuwa na kanuni yake peke yake.

Skiti ya kimataifa haina risasi ya hiari. Mpigaji huanza kituo cha 1 kwa kisahani kimoja cha nyumba ya juu na jozi moja, na mpangilio huo hurudiwa penye 2 na 3. Penye 4 hupiga kimoja kutoka kila nyumba. Penye 5 na 6 huanza na kimoja cha nyumba ya chini, kisha jozi, na penye 7 hupata jozi tu. Kisha anarudishwa kituo cha 4 kupiga jozi mbili, ya kwanza akianza na kisahani cha juu na ya pili akianza na cha chini, na humalizia penye 8 kwa kisahani kimoja kutoka kila upande. Hesabu inatimia 25. Kurudi huko kwenye kituo cha 4 huwatenganisha wapigaji waliozoea kumaliza bila kosa, na kumeutia mchezo ukali uliohitajika.

Tofauti nyingine ni ya mikono na muda. Kanuni za mwanzo zilimtaka kila mpigaji aite kisahani akiwa ameshusha kitako cha bunduki chini ya kiwiko, kama mwindaji anayetembea, na kisahani kiliweza kucheleweshwa hadi sekunde 3 baada ya kuitwa, kwa kuwa ndege haitwi akaja. Katika miaka ya 1950 Wamarekani waliyaacha masharti yote mawili. Bunduki iliruhusiwa kukaa begani tangu mwanzo, na kisahani kikaruka mara tu kinapoitwa. Matokeo yalipanda, wapigaji wasiokosa wakawa wengi, na mchezo ukawafaa zaidi watu wa rika zote. Lakini ule mshtuko wa kwale anayefumka, ambao ndio uliouzaa mchezo, ulipungua. Shirika la kimataifa la ulengaji shabaha lilibaki na kanuni za zamani na hata likazikaza. Koti la mpigaji lina mstari wa rangi uliowekwa usawa wa kiwiko, na kitako cha bunduki hakitakiwi kuwa juu ya mstari huo mpaka kisahani kitokee. Ucheleweshaji wa hadi sekunde 3 unaamuliwa na mtambo wenyewe bila mtu kujua. Kisahani cha kimataifa hurushwa kifike mita 68 hivi kama hakikupigwa, ilhali cha Marekani kimewekewa yadi 60, karibu mita 55. Risasi ya kimataifa haitakiwi kuzidi gramu 24 za marisau. Kwa upande wao Wamarekani huendesha mashindano kwa bunduki za ukubwa wa namba 12, 20, 28 na ile ndogo ya .410, ambayo wingu lake la marisau ni jembamba kiasi kwamba kuvunja visahani 100 mfululizo kwa bunduki hiyo ni sifa kubwa.

Kanuni za hukumu na usalama zinafanana pande zote. Kisahani kinahesabiwa kimepigwa pale mwamuzi anapoona angalau kipande kimoja kikitoka. Vumbi peke yake halitoshi. Kisahani kilichotoka kikiwa kimevunjika, au kilichoruka kando ya njia yake, hakihesabiwi na hurudiwa. Bunduki hubebwa ikiwa wazi na tupu, na risasi huingizwa mpigaji akiwa tayari ndani ya kituo, mtutu ukielekea uwanjani. Wenzake husubiri nyuma, na mtu hageuki na bunduki iliyojazwa. Kinga ya macho na masikio ni lazima.

Thamani ya uwanja huo ilitambuliwa na watu wasiokuwa wawindaji wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mpigaji wa bunduki ndani ya ndege ya kivita alikabiliwa na tatizo lilelile la kituo cha 4: adui anayekatiza kwa kasi, na risasi inayohitaji kufika mbele yake. Jeshi la Marekani lilijenga viwanja vya skiti katika vyuo vyake vya mafunzo, na maelfu ya vijana ambao hawakuwahi kuwinda walijifunza kutangulia shabaha kwa bunduki za marisau kabla ya kupewa bunduki za rashasha. Walipomudu wakiwa wamesimama, walipandishwa juu ya malori yanayotembea na kupiga visahani wakiwa mwendoni. Foster alikuwa amefariki mwaka 1941, kwa hiyo hakuona ukubwa wa kazi hiyo. Baada ya vita chama cha taifa kiliundwa upya mwaka 1946, na askari waliorudi nyumbani wakiwa wamejifunza mchezo kwa gharama ya serikali walikuwa miongoni mwa wanachama wake wapya.

Ulaya iliupokea mchezo katika miaka hiyohiyo, na kwenye Olimpiki skiti iliingia Mexico mwaka 1968. Wapigaji watatu walimaliza wakiwa sawa kwa visahani 198 kati ya 200, na katika duru ya kuamua mshindi Yevgeny Petrov wa Umoja wa Kisovieti alimtangulia Romano Garagnani wa Italia na Konrad Wirnhier wa Ujerumani Magharibi. Miaka 4 baadaye, Munich, Wirnhier na Petrov walilingana tena, na safari hii Wirnhier akashinda. Tangu siku hizo skiti imekuwa mchezo ambao medali huamuliwa na kisahani kimoja.

Jambo moja la Olimpiki hizo lastahili kukaziwa. Skiti haikuwa na mashindano ya wanaume na ya wanawake mbalimbali. Uwanja ulikuwa mmoja na orodha moja, na kwa miaka mingi wanaume ndio waliojaza nafasi za juu. Mwaka 1992 Zhang Shan, msichana wa Kichina mwenye umri wa miaka 24, alifika Barcelona na kuvunja visahani 200 kati ya 200 kabla ya duru ya fainali. Alipomaliza alikuwa na 223 kati ya 225. Juan Giha wa Peru na Bruno Rossetti wa Italia walifuata kwa 222 kila mmoja, na jukwaani wanaume hao wawili walimnyanyua Zhang juu. Hakuna mwanamke aliyewahi kutwaa dhahabu katika mashindano ya pamoja ya ulengaji shabaha ya Olimpiki kabla yake.

Hakupata nafasi ya kutetea medali yake. Michezo ya Atlanta ya mwaka 1996 ilikuwa na skiti ya wanaume peke yake, na wanawake hawakuwekewa yao. Kumfungia mlango bingwa aliyepo, katika mchezo ambao nguvu za mwili si kipimo chake, ni uamuzi usiotetewa kwa urahisi. Skiti ya wanawake ilianzishwa Sydney mwaka 2000, na Zemfira Meftahetdinova wa Azerbaijan akawa bingwa wake wa kwanza. Katika michezo hiyohiyo Mykola Milchev wa Ukraine alivunja visahani vyote 150, bila kukosa hata kimoja. Kwa miaka mingi wanawake walipiga visahani 75 katika hatua ya awali, na wanaume 125. Tofauti hiyo nayo iliondolewa kabla ya Michezo ya Tokyo, na wote sasa wanapiga 125. Fainali ya Tokyo ilikuwa na wapigaji 6 na visahani 60, na wa chini waliondolewa mmoja baada ya mwingine kadiri duru ilivyoendelea.

Marekani, nchi ya mchezo wenyewe, imevuna sana chini ya kanuni hizo ngumu za kimataifa. Vincent Hancock alishinda Beijing mwaka 2008 akiwa na umri wa miaka 19, kisha London, Tokyo na Paris, na kufikisha medali 4 za dhahabu. Kim Rhode alipata medali katika Olimpiki 6 mfululizo tangu 1996 hadi 2016, tatu za mwisho zikiwa za skiti. Nchi za Ghuba nazo zimeupenda mchezo huu kwa dhati. Nasser Al-Attiyah wa Qatar, anayejulikana pia kwa ushindi wake katika mbio za magari za Dakar, alitwaa medali ya shaba London mwaka 2012. Abdullah Al-Rashidi wa Kuwait aliipata Rio mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 52. Kuwait ilikuwa imesimamishwa, kwa hiyo alishiriki chini ya bendera ya Olimpiki, na kwa kuwa hakuweza kuvaa sare ya nchi yake alivaa jezi ya Arsenal. Miaka 5 baadaye, Tokyo, akiwa na miaka 57, aliipata tena medali ileile, safari hii chini ya bendera ya nchi yake.

Paris mwaka 2024 kuliingizwa skiti ya timu mseto, ambamo mwanamume na mwanamke wa nchi moja hupiga pamoja na visahani vyao hujumlishwa. Fainali ilikuwa kati ya Italia na Marekani, na ilikwisha 45 kwa 44. Waliopata dhahabu ni Diana Bacosi na Gabriele Rossetti, ambao kila mmoja alikuwa bingwa wa Rio. Gabriele ni mtoto wa Bruno Rossetti, yule aliyemnyanyua Zhang Shan jukwaani Barcelona.